Kaya ya Mtu Mmoja

Mama yangu alikuwa anakohoa damu, na kwenye daftari la kijiji chetu hakuwamo. Naanza hapo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo.

Mwenyewe alikuwapo. Alilala katika kibanda nyuma ya ghala letu la mahindi, kibanda nilichokikandika mimi kwa mikono hii, na kila asubuhi moshi wa jiko lake ulitangulia wa kwangu. Watoto wangu walikunywa uji kwake kabla ya kula kwangu. Majirani walimsalimia wakipita. Lakini mume wangu, aliyeishi hatua ishirini kutoka kwenye mlango wake, hakuwahi kumtazama usoni hata siku moja. Kwetu nilikozaliwa, na huku nilikoolewa vilevile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hamtaji jina. Hali alichopika. Hazungumzi habari zake mbele ya watu. Msije mkadhani ni chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, na mume wangu alikuwa mtu wa heshima, tena iliyopitiliza.

Mtauliza sasa huyo mama mkwe alifikaje nyuma ya ghala la mkwewe. Alifika kwa sababu hakuwa na pengine. Baba yangu alifariki kule kwetu Unamwanga, upande wa Tunduma. Ndugu zake wakataka mama arithiwe na mdogo wa marehemu. Mama akakataa. Akawaambia ameshampikia ugali mwanamume mmoja miaka ishirini na tano, inatosha. Kaka zangu wawili walikuwa wamevuka mpaka kwenda migodini Zambia. Barua zilikuja, halafu hazikuja tena. Nikabaki mimi, niliyeolewa huku Mbozi, si mbali na Hasamba. Akaja na mtungi, jembe na kuku watatu. Mama mkwe kuishi kwenye uwanja wa mkwewe ni aibu yake, na ni aibu ya mkwe pia. Basi tukafanya kama watu wengi walivyofanya: tukamweka nyuma, tukakaa kimya.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini. Nyumba zilipangwa mstari kama mahindi, kila mtu anamwona mwenzake akipiga mswaki. Wapo waliolia. Mimi nililia kwa ajili ya migomba niliyoiacha, nisiseme uongo. Lakini kijiji kilituletea zahanati. Matofali tulifyatua sisi wanawake, maji tulibeba sisi wanawake, bati zikaletwa na serikali, na mganga naye akaletwa, kijana mwembamba kutoka mkoa wa mbali mwenye Kiswahili cha kupendeza kusikia. Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda hospitali ya misheni, mwendo wa kutoka alfajiri ukafika jua likianza kuinama, na huko kila kitu unalipia. Zahanati ilikuwa bure. Neno hilo tulilikanyaga polepole, kama mtu anayejaribu gogo jipya juu ya mto, mguu mmoja kwanza.

Sasa hiyo bure ilikuwa na mlango wake. Dawa zilikuja kwa gari kutoka wilayani mara moja kwa mwezi, na zilikuja kwa hesabu ya watu walioandikwa. Ndiyo maana kijiji kilitoa kadi, kila kaya kadi moja: juu jina la mwanamume, chini yake mke au wake, kisha watoto. Aliyemo kwenye kadi anatibiwa. Asiyemo arudi alikotoka. Siku ya kuandikisha, balozi wa nyumba kumi alipita akiwauliza wanaume, "Unaishi na nani hapa?" Mume wangu akanitaja mimi, akataja watoto wanne, akanyamaza. Ulimi haukuweza kwenda mbele. Balozi aliona moshi nyuma ya ghala kama nilivyouona mimi. Naye ni mtu wa hapahapa, anajua mambo ya ukwe. Akaandika watu sita, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Ndivyo mama alivyopotea kijijini huku moshi wake unaonekana.

Mwanzoni sikujali. Mama alikuwa mzima, anachimba, anapepeta, anagombana na kuku. Kikohozi kilianza tulipokuwa tunavuna ulezi. Tukasema ni vumbi. Baridi ya Mbozi ilipokuja tukasema ni baridi. Mvua za kulima zilipofika, nguo zilikuwa zinamning'inia kama zimeanikwa kwenye mti, na siku moja akatema kwenye majani ya mgomba, akayakunja haraka nisione. Nikayakunjua. Kesho yake nikamuuza mbuzi, nikampeleka mama misheni.

Walipima makohozi. Sista aliyetuhudumia alikuwa haongei sana, lakini aliongea vizuri.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Kinatibika. Sindano sitini, kila siku moja isipokuwa Jumapili, halafu vidonge mwaka mzima. Mkitaka alazwe hapa mtalipia. Zahanati yenu inaweza kumchoma bure."

"Asipochomwa?"

Alimtazama mama, akanitazama mimi. "Asipochomwa, usimpandie mbegu ya mwaka ujao."

Nikarudi na barua. Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumanne, tulikuwa mlangoni kwa mganga kabla hajafungua. Akaisoma barua, akasema iko sawa, akaomba kadi. Nikampa ya kwetu. Akaisoma juu mpaka chini, kisha akaanza tena juu.

"Mama, huyu bibi jina lake halimo."

"Hilo ndilo tatizo, mwanangu."

"Sindano za namna hii sina hapa. Naziagiza wilayani kwa jina la mgonjwa, na kando ya jina lazima iwepo namba ya kadi ya kijiji. Bila namba, barua inarudi kama ilivyokwenda."

"Andika namba yetu."

"Wakija kukagua wakiuliza huyu ni nani wa mkuu wa kaya, nitasema nini?"

"Sema ni mama mkwe wake."

"Mimi nitasema. Mzee wako akiulizwa, atakubali?"

Kijana wa watu alikuwa hajamaliza hata mwaka kwetu na tayari alishatujua.

"Jumatatu barua zangu zinaondoka na gari," alisema. "Gari lingine ni mwezi ujao. Na huyu, sitaki kukudanganya mama yangu, mwezi ni mrefu kwake. Niletee namba kabla ya Jumatatu. Kapambane na mwenyekiti."

Nilianza na mume wangu. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Baba watoto, nenda kwa mwenyekiti ukamwandikishe mama."

Hakuinua uso. "Nikamwambie nini?"

"Kwamba anaishi hapa."

"Unajua siwezi."

"Mdomo unao."

"Mama watoto, nikiyasema hayo ofisini, wadogo zangu watanikwepa kama nina ukoma. Halafu nimwandike chini ya jina langu? Mstari mmoja na watoto niliowazaa? Hata yeye hatakubali. Kamuulize."

Nikamuuliza. Alikuwa ameshasikia yote kupitia kuta za ghala, maana alinijibu kabla sijakaa.

"Mimi niwe mtoto wa mkwe wangu kwenye karatasi?" alisema, akakohoa mpaka akashika ukuta. "Acha nife na adabu zangu."

Nikasimama katikati ya uwanja. Huku mume, huku mama, wote wawili watu wa heshima zao, na heshima hizo zilikuwa zinakwenda kumzika mmoja. Nilikasirika siku ile kuliko siku zote za ndoa yangu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda ofisini kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakuwa mbaya. Alipenda kanuni jinsi watu wengine wanavyopenda pombe: akishaionja moja hawezi kuiacha. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake.

"Kaya ni mwanamume, wake zake na watoto wake," alisema. "Mjane anaandikwa kwa wanawe wa kiume. Wanawe wako wapi?"

"Migodini. Hawaandiki."

"Basi mumeo aje amwombee."

"Ndugu mwenyekiti, wewe ni Mnyiha kama yeye. Unajua hawezi kuja."

Akakuna kidevu. Alijua.

"Mwandike peke yake," nikasema. "Ana nyumba yake. Ana jiko lake. Anapika mwenyewe, anakula mwenyewe."

Akacheka. "Kaya ya mtu mmoja. Kesho utaniletea paka wako nimpe kadi."

"Paka wangu hakohoi damu."

Kicheko kikamwishia. Lakini kanuni ilikuwa bado moja mkononi, akaitoa. "Kila kaya ina kipande kwenye shamba la ujamaa. Asiyelima hana kadi. Mama yako anaweza kulima? Aje Alhamisi kwenye palizi nimwone na jembe. Akilima, tutazungumza."

Alisema vile ili niondoke. Nikaondoka. Ila nilimshika kwa neno lake, na mwanamke wa Kinamwanga akishakushika kwa neno, bora angekushika kwa nguo.

Alhamisi watu wote walikuwa shambani. Lilikuwa shamba kubwa la mahindi, limegawanywa vipande kwa vigingi, kila kaya inapalilia kipande chake huku wengine wanaimba. Mume wangu alikuwapo, na wadogo zake watatu, na watoto wa baba zake wakubwa na wadogo. Nitaje hapa jambo moja ambalo mgeni halijui: mama mkwe wa mtu mmoja ni mama mkwe wa ndugu zake wote. Wote humkwepa. Karibu nusu ya wanaume wa shamba lile walikuwa wakwe wa mama yangu.

Nikaja naye kwa njia ya katikati, mchana kweupe. Alijifunika kanga kichwani mpaka puani, anajikongoja na jembe lake kama fimbo. Ilinichukua jioni nzima ya Jumatano kumshawishi. Sikumwambia habari za ugonjwa, alishazichoka. Nilimwambia mwenyekiti amesema hawezi kulima. Hilo lilitosha.

Nyimbo zikakatika kuanzia kona moja mpaka nyingine. Mume wangu akamwona. Jembe likaanguka. Alikwenda nyuma ya kichuguu mbio kama mwenye kufukuzwa na nyuki. Wadogo zake wakatafuta pa kujificha, na hapakuwa na pa kujificha, mahindi yalikuwa ya magotini. Wanaume wazima wenye ndevu wakachutama kwenye matuta wakitazama udongo. Mmoja alijifunika kofia usoni akalala chini kabisa. Wanawake wakaanza kucheka, mwanzoni puani, kisha wazi, na mimi sikucheka maana nilikuwa nimemshika mama mkono asigeuke kurudi nyumbani.

Mwenyekiti akaja anahema. "Nani amesimamisha kazi?"

"Ni kaya mpya, ndugu mwenyekiti. Ulisema aje na jembe. Jembe hilo."

"Mrudishe nyumbani."

"Nipe kwanza kipande chake."

"Nimesema mrudishe, kazi haiendi."

"Haitakwenda. Nitazunguka naye humu ndani mpaka jua lizame, mama yangu anapenda kutembea."

Hapo sauti ikatoka kwenye matuta, ya shemeji yangu mdogo, aliyekuwa amechutama na mgongo ametupa sisi.

"Ndugu mwenyekiti, mpe huyo mtu kipande. Magoti yanatuuma."

Mwingine akadakia kutoka chini ya kofia, "Tena kiwe pembeni, na kigingi kionekane, tujue pa kutokanyaga."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyopimiwa kipande na kijiji. Heshima ileile iliyomficha ndiyo iliyomlazimisha mwenyekiti kumpa mahali pake, maana mtu anayekwepwa lazima ajulikane yuko wapi. Walipiga kigingi mwisho wa shamba karibu na kijito, kipande kifupi, hatua kama kumi kwa kumi. Wakwe wakainuka wakahamia upande wa pili, nyimbo zikaanza tena.

Mama hakuweza kuinua jembe. Alikaa chini, akang'oa majani kwa mkono, tuta moja, akapumzika, tuta lingine. Nilimaliza kipande chetu nikaja kumsaidia. Mwenyekiti akapita akasema, "Anayelima ni wewe." Mama akafunua mdomo wake kwenye kanga, akamwonyesha mikono yake miwili myeusi kwa udongo. Mwenyekiti akaendelea na safari.

Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye mimba kubwa, akaja akapiga jembe pembeni yangu bila kuitwa. Tulipofika katikati akaniambia bila kunitazama, "Wangu mimi yuko jikoni kwangu. Haoni. Mwaka wa tatu sasa."

"Mama yako?"

"Nani mwingine nitamficha jikoni?"

Nikasimama na jembe. Nilikuwa nikidhani mzigo huo ni wangu peke yangu kijiji kizima. Kufika jioni wanawake wengine wawili walikuwa wameshaninong'oneza hivyohivyo.

Siku hizi nasikia redioni wanabishana kuhusu bima ya afya, nani aingizwe, nani serikali imlipie, asiye na kazi, asiye na mume, asiye na karatasi. Wajukuu zangu wananieleza kana kwamba ni jambo lililotoka mbinguni juzi. Nawasikiliza. Mabishano hayo nimeyakalia kwenye nyasi za uwanja wa kijiji, na hoja zote nazijua, hata zile za wanaokataa.

Maana Jumamosi kulikuwa na mkutano. Wanaume kwenye mabenchi, sisi kwenye nyasi. Mwenyekiti alipomaliza habari za mbolea akasema kuna suala la kadi, mama mmoja mzee amepewa kipande, je, apewe na kadi. Mzee mmoja akasimama, mtu wa busara, sikumchukia. Akasema dawa zinakuja kidogo. Mwezi uliopita klorokwini iliisha kabla ya gari kurudi. Tukiongeza watu, watoto wetu walioandikwa watakosa.

Mganga akaulizwa kama ni kweli. Angeweza kutusaidia kwa uongo, hakutaka. "Ni kweli," alisema. "Nikipeleka hesabu mpya, boksi litaongezwa. Lakini si mwezi huu. Labda baada ya miezi miwili, mitatu. Katikati hapo tutabanana."

Watu wakaguna. Nikaona kadi inakwenda. Nikasimama. Sikuwahi kusema kwenye mkutano. Elimu yangu ilikuwa darasa la pili, na herufi nyingine nilikuwa ndiyo kwanza nazipata kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini sauti ninayo.

"Mzee wangu amesema kweli, tutabanana," nikasema. "Sasa na mimi niulize. Mama yangu anachota maji kisima gani?"

Nikawageukia wa kwenye mabenchi.

"Kisima chenu. Anapanga foleni na watoto wenu walioandikwa, anakohoa katikati yao. Kile kifua hakina kadi, hakiulizi jina la mkuu wa kaya. Mtamnyima sindano ili mbakize dawa, na dawa hizo zitakwenda kuwatibu nyinyi ugonjwa wake."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Niliona.

Mwenyekiti akasema, "Tunamhurumia. Lakini tukimpa huyu, kesho watataka wote."

"Wote akina nani?"

"Wote. Wa namna hiyo."

"Kumbe unajua wapo," nikasema. Halafu nikasema lile ambalo mume wangu alinuna nalo siku tatu, na mpaka leo sijalijutia. "Ndugu mwenyekiti, jiko la nyuma ya nyumba yako, lile la bati moja, anapika nani?"

Mwenyekiti akafungua mdomo, akaufunga. Asingeweza kutaja, alikuwa mkwe kama wakwe wengine. Mkewe alikuwa kwenye nyasi mbele yangu, ameinamisha kichwa, na mabega yanamcheza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasimama, akajikung'uta nyasi, akasema, "Anapika mama yangu. Ana vidonda vya miguu. Ndiyo hivyo."

Baada ya hapo haikuwa kazi yangu tena. Yule jirani yangu akasimama na tumbo lake: mama yake haoni. Mwingine akasimama. Mwingine. Kila mmoja alitaja jiko lake la nyuma na ugonjwa uliokuwamo, na wanaume waliangalia miguu yao, maana hakuna aliyeweza kukubali wala kukana. Walifika tisa. Vibibi tisa katika kijiji kimoja, wanaota moto mchana kweupe, na daftari halijui.

Mwenyekiti alinishangaza. Alisimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akatangaza kwa ile sauti yake ya ng'ombe kwamba ujamaa hauwezi kuacha jiko hata moja nje ya zahanati iliyojengwa na wote. Tangu leo, akasema, hatutahesabu wanaume, tutahesabu majiko. Penye mafiga matatu na mtu anayepikia, hapo ni kaya, na jina juu ya kadi ni la mpishi, hata akiwa bibi, hata akiwa peke yake. Kipande cha shamba atapewa kwa kadiri ya nguvu zake. Wanaokubali wanyooshe mikono. Wakwe ndio walionyoosha kwanza, tena mikono miwili miwili. Sheria hiyo iliwatoa kwenye kazi ya kusema.

Alivyolisema utadhani alilifikiria mwenyewe kitandani mwaka mzima. Nikampigia makofi. Sifa nilimwachia siku ile, mimi nilitaka namba. Leo sifa nazichukua.

Jumatatu asubuhi, kabla gari halijawasha moto, mganga aliandika jina la mama yangu na namba ya kadi yake. Sindano zilifika baada ya wiki mbili, kwa mjumbe wa baiskeli, maana dawa za kuagizwa kwa jina hazikusubiri gari la mwezi. Wiki mbili zile sitaki kuzisimulia sana. Alikuwa analala amekaa, nilimwegemeza kwenye gunia la ulezi. Siku boksi lilipofika nilimbeba mgongoni kama mtoto, na hakuwa mzito kuliko mtungi.

Sindano kumi za kwanza nilimbeba. Za kati alitembea ameshika bega langu. Njia ya kwenda zahanati ilipita mbele ya mlango wa mume wangu, kwa hiyo tulikata nyingine kupitia kwenye mahindi. Asubuhi moja tukakuta kigoda katikati ya njia ile, pale ambapo mama alikuwa anachoka. Kigoda kipya, cha mkono wa mume wangu, namjua anavyochonga. Mama akakikalia, akapumua, tukaendelea. Hakuna aliyelisema, si yeye, si mimi, si aliyekichonga.

Tulibanana, kama mganga alivyotuambia. Mwezi ule klorokwini iliisha mapema, na nilitukanwa kisimani mara mbili, nikatukana mara tatu. Yule mama wa vidonda alipona upande mmoja. Yule asiyeona hakuona, lakini walimtibu tumbo lililomsumbua miaka. Mmoja kati ya tisa alifariki wiki ile kadi yake ilipoandikwa, ikabidi mwanawe airudishe. Kisha hesabu mpya ikafanya kazi yake wilayani, boksi likaja kubwa kidogo, na maneno yakapungua.

Baada ya sindano ya sitini nilimrudisha misheni wapime tena. Sista yuleyule aliangalia kwenye chombo chake, akasema hakuna kitu. Mama akataka naye aangalie. Sista akamruhusu. Mama akakaa pale jicho moja limefumba kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa Kinamwanga, kwamba kweli ni peupe.

Vikabaki vidonge, vya mwaka mzima, kuchukua kila mwezi. Mara ya kwanza nilijiandaa kwenda naye kama kawaida. Nilishaosha miguu. Akatoka kibandani amejifunga vizuri, kadi ameifungia kwenye pindo la kanga, akanitazama.

"Unakwenda wapi?"

"Kukusindikiza."

"Una palizi. Kadi ni yangu."

Akaondoka. Nikamfuata kwa macho mpaka alipoingia kwenye mahindi. Baadaye jirani aliniambia kwamba pale zahanati foleni ilikuwa ndefu, na vijana walimpisha apite mbele kwa ajili ya uzee wake, akawakatalia. Aliwauliza kama wao kadi zao zina rangi nyingine. Akakaa zamu yake kwenye benchi, kati ya wenye kaya wenzake, mpaka alipoitwa kwa jina.